Nshomile, lakini ada alilipa nani?

Wadau, kila Mhaya aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam anaujua utani huu. Ukichomeka neno moja tu la Kiingereza kwenye mazungumzo, tayari: "Aah, nshomile huyo!" Neno lenyewe ni la Kihaya na maana yake ni fupi: nimesoma. Nchi nzima imeligeuza kuwa jina la kabila. Mimi huwa nacheka pamoja na wenzangu. Lakini miezi michache iliyopita mwenzangu mmoja wa chumba cha habari aliniuliza swali ambalo halikuwa utani: "Hivi kama ninyi mmesoma kuliko wote, mbona kwenu ni maskini?"

Sikuwa na jibu. Na alikuwa na hoja. Kwa miaka kadhaa takwimu za taifa zimeiweka Kagera miongoni mwa mikoa yenye pato dogo la wastani kwa kila mtu. Sasa usomi wetu ulikwenda wapi? Na kwanza ulitoka wapi?

Nilipokwenda likizo nyumbani Kaagya nilimweleza bibi swali hilo. Hakunijibu. Aliingia chumbani akatoka na sanduku lake la bati, lile ambalo utotoni tulikatazwa hata kulisogelea. Ndani yake kulikuwa na karatasi zilizobanwa kwa pini, mbili mbili. Moja ni risiti ya kahawa kutoka chama cha msingi. Ya pili ni risiti ya ada. Kahawa na ada, kahawa na ada, mwaka baada ya mwaka. Nimeandika makala haya nikiwa na sanduku lile kichwani.

Tuanze mwanzo. Mwaka 1892 Mapadre Weupe wakiongozwa na Askofu Hirth walikimbia vita vya Mengo kule Buganda, wakashuka hadi Buhaya na kufungua misheni Kashozi. Mwaka 1904 wakaanzisha seminari Rubya, upande wa Ihangiro, ambako leo ni Muleba. Mwaka 1910 wakafika Walutheri wa misheni ya Bethel. Katika Buganda na Buhaya neno la kusoma lilibeba mambo mawili kwa pamoja: kuzijua herufi na kuifuata dini. Kwa hiyo nshomile wa kwanza hakuwa mtu wa digrii. Alikuwa mtu aliyekaa chini ya mti na katekista akakariri mafundisho, kisha akarudi nyumbani akiwa na kitabu mkononi. Na kwa kuwa mlango wa shule ulikuwa ndani ya ua wa kanisa, mtoto wa Kiislamu, au wa mzee aliyeshikilia mizimu yake, aliukuta mwembamba kuliko wenzake. Tusisahau hilo tunapojisifu.

Wamisionari walileta shule, lakini si wao waliozilipia peke yao. Hapa ndipo inapoingia omwani, yaani kahawa. Wahaya walikuwa na kahawa kabla ya mzungu. Walitafuna buni zilizochemshwa na kukaushwa, mgeni akikaribishwa nazo, na hadi leo utazikuta stendi ya Bukoba zimefungwa kwenye vijani. Wajerumani na baadaye Waingereza waliigeuza kuwa zao la biashara, na kufikia miaka ya 1920 fedha zilikuwa zikiingia kwenye vibanja. Mwaka 1924 vijana waliokuwa wamesoma, Klemens Kiiza akiwa mmoja wao, waliunda Bukoba Bahaya Union. Mwaka 1937 wakulima walifanya vurugu wakipinga kanuni za serikali za kutunza mikahawa. Mwaka 1950 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, Bukoba Native Co-operative Union. Mtu anayeweza kusoma mizani hapunjwi kirahisi, na asiyepunjwa ana cha kumlipia mtoto ada. Shule ilisaidia kahawa, kahawa ikasaidia shule.

Lakini si kila kibanja kilikuwa na kahawa ya kutosha. Mpangaji wa nyarubanja alimlipa kwanza mwenye ardhi, kilichobaki ndicho chake. Watoto wa machifu walikuwa na njia yao hadi shule ya serikali ya Tabora. Hivyo hata katika zile siku tunazoziita za dhahabu, usomi wa Buhaya ulikuwa na matabaka yake.

Matunda yalionekana. Laurean Rugambwa, aliyezaliwa mwaka 1912, alisoma Rubya, akaendelea Katigondo, Uganda, na mwaka 1960 akawa kardinali wa kwanza Mwafrika wa zama hizi. Josiah Kibira, mtoto wa Bukoba aliyezaliwa mwaka 1925, mwaka 1977 alichaguliwa kuongoza Shirikisho la Walutheri Duniani. Majina kama Ihungo, Nyakato na Kahororo yakawa yanatajwa kwa heshima mbali kabisa na Ziwa.

Sasa angalieni jinsi mlango ule ulivyokuwa mwembamba. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, nchi nzima ilikuwa na wanafunzi wa sekondari wasiofika 12,000. Wa shule za msingi walikuwa chini kidogo ya nusu milioni. Kupata nafasi kulikuwa sawa na kuibeba familia nzima mgongoni.

Mzigo huo nadhani ulijionyesha Kashasha. Tarehe 30 Januari 1962, majuma saba tu baada ya Uhuru, wasichana wa shule moja ya bweni ya misheni kijijini Kashasha walianza kucheka na kulia bila kuweza kujizuia. Wanafunzi 95 kati ya 159 walipatwa. Shule ikafungwa mwezi Machi, ikafunguliwa Mei, ikafungwa tena Juni. Ugonjwa ukawafuata nyumbani hadi Nshamba. Wazee waliuita enwara y'okusheka, ugonjwa wa kucheka. Madaktari walipima damu na chakula wasione sumu wala kijidudu. Leo mitandao ya dunia inaisimulia habari hiyo kama kichekesho. Watafiti waliorudi kuichambua wanasema ni msongo wa mawazo. Nilimuuliza bibi, ambaye wakati huo alikuwa binti. Alisema: "Mjukuu wangu, wale watoto walitumwa wakawe watu kwa niaba yetu sote. Wewe ungecheka au ungelia?"

Serikali mpya iliamua kuupanua mlango, na hilo lilikuwa jambo la haki. Mwaka 1964 ada za sekondari zilifutwa. Mwaka 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea. Sheria ya Elimu ya 1969 ikaziweka shule za misheni mikononi mwa serikali, zetu zikiwemo. Mwaka 1974 mkutano wa TANU Musoma uliamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe darasani. Hiyo ndiyo UPE. Wanafunzi wa shule za msingi walipanda kutoka kama milioni 1.2 mwaka 1974 hadi zaidi ya milioni 3.3 mwaka 1980. Sijui nchi nyingi za Afrika zilizofanya hivyo kwa kasi ile.

Walimu wangetoka wapi? Vijana makumi ya maelfu waliomaliza darasa la saba walichukuliwa wakawa wanafundisha huku wenyewe wakifundishwa. Wabongo hawakosi maneno, wakasema UPE ni Ualimu Pasipo Elimu. Ni utani mkali na kwa kiasi fulani ni wa kuonea, maana wapo walimu wa UPE waliofanya kazi ya kutukuka. Lakini ulisema kweli moja: tulihesabu vichwa vilivyoingia darasani, hatukuhesabu gharama ya kile kitakachotokea humo ndani.

Baba yangu ni mtoto wa UPE. Alimaliza darasa la saba mwaka 1982, akafaulu, hakuchaguliwa. Wakati huo sekondari za serikali hazikuongezeka kama zilivyoongezeka za msingi, kwa hiyo nchi nzima chini ya mtoto mmoja kati ya kumi ndiye aliyepata nafasi humo. Tena nafasi ziligawanywa kwa mgao wa mikoa, ili mikoa isiyokuwa na misheni nyingi wala kahawa nayo ipate. Wazee wa Buhaya walilalamika sana juu ya mgao ule. Mimi nikiwa mwandishi nasema ulikuwa na mantiki: nchi isingeweza kuachia ofisi zake zote watu wa mlima mmoja na ziwa moja. Lakini kwa kijana aliyefaulu na kubaki nyumbani, mantiki ya taifa haina ladha.

Na fedha je? Mwaka 1976 serikali ilivunja vyama vikuu vya ushirika, vikaja kurudishwa miaka ya 1980. Kati ya 1978 na 1979 Idi Amin aliivamia Kagera na tukaingia vitani. Uchumi ukaanguka, na katikati ya miaka ya 1980 ada zikarudi. Ndipo wazazi wakafanya walichokijua. Walijichanga, makanisa na jumuiya zikajenga, na sekondari za binafsi zikaota kama uyoga, Kagera ikiwa miongoni mwa mikoa iliyochangamkia. Mwishoni mwa muongo huo zilikuwa nyingi kuliko za serikali. Kwenye sanduku la bati risiti za miaka ile ni nyingi kuliko za miaka yote. Bibi aliuza kahawa, kahawa ilipopungua akauza ng'ombe, na baba akamaliza kidato cha nne.

Kisha likaja janga. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa hospitali ya Ndolage, Muleba. Kwetu hakuna ukoo uliopona. Shangazi zangu wawili na baba mdogo mmoja walizikwa kwenye kibanja kati ya 1989 na 1996, na watoto wao sita wakahamia kwa bibi. Mwaka 1989 mkataba wa kimataifa uliokuwa ukishikilia bei ya kahawa ulivunjika. Bibi, mwenye umri wa kupumzika, akaanza upya kulipa ada, na kahawa ya bei ya chini.

Jambo hili halikubaki simulizi za misibani. Kuanzia 1991 hadi 1994 watafiti wa Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera, na watu wale wale wakafuatwa tena mwaka 2004 na 2010. Ni moja ya tafiti za muda mrefu zaidi barani Afrika. Waligundua kwamba mtoto aliyefiwa na mama, alipofika utu uzima, alikuwa amepoteza kwa wastani mwaka mzima wa shule na sentimita 2 za urefu. Mwaka mmoja na vidole viwili vya kimo. Nilipousoma utafiti huo chuoni nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Nilimkumbuka dada. Ni mtoto wa shangazi, lakini kwetu tunaitana dada na kaka tu. Mama yake alifariki akiwa na miaka tisa. Yeye hakupoteza mwaka mmoja. Aliacha shule darasa la nne ili kulea wadogo zake. Baadaye alishuka mwaloni kuchuuza dagaa.

Mimi nilianza darasa la kwanza mwaka 2005, katikati ya MMEM. Ada za shule za msingi zilikuwa zimefutwa mwaka 2001, na wanafunzi wakapanda kutoka milioni 4.4 mwaka 2000 hadi milioni 7.5 mwaka niliouanza mimi. Darasani tulikuwa zaidi ya mia. Nilikaa sakafuni mwaka mzima, na kitabu cha hesabu tulikishika kwa zamu. Hata hivyo nilikuwa darasani, na bila MMEM huenda nisingekuwepo. Wanaobeza mpango ule waniambie wangeniweka wapi.

Kisha zikaja sekondari za kata. Kuanzia mwaka 2006 kila kata ilitakiwa kuwa na yake, na wanafunzi wa sekondari nchini walipanda kutoka kama laki tano mwaka 2005 hadi zaidi ya milioni moja miaka miwili baadaye. Walimu? Wahitimu wa kidato cha sita walipigwa msasa majuma machache wakapelekwa, Wabongo wakawaita voda fasta. Mnaliona lile la UPE likijirudia? Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yaliyotangazwa Februari 2013, yalionyesha zaidi ya asilimia 60 wamepata sifuri. Serikali iliunda tume na baadaye matokeo yakapangwa upya, lakini taifa lilikuwa limeshajiona kwenye kioo.

Mwaka ule mimi nilikuwa kidato cha kwanza kwenye sekondari moja ya kata. Sikuwahi kuwa na mwalimu wa fizikia hata siku moja. Ada ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Juu yake kulikuwa na mchango wa mlinzi, wa dawati, na baada ya agizo la mwaka 2012 la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, wa maabara. Wakati huo kahawa ilikuwa imepigwa na mnyauko, na tangu 2006 migomba nayo ikaingiwa na mnyauko wake. Kibanja hakikuwa na cha kutoa.

Sasa rudini kwenye sanduku. Risiti zangu za 2012 hadi 2015 zipo, lakini hazina mwenzake wa kahawa. Zimebanwa peke yake. Nilimuuliza bibi alizilipaje. Akaniangalia kama mtu anayemsikitikia mtoto mjinga. "Hukujua? Ni dada yako na dagaa zake."

Sikujua. Miaka minne yote nilidhani nasomeshwa na bibi.

Mwaka 2016 serikali ilifuta ada hadi kidato cha nne na kuanza kupeleka zaidi ya shilingi bilioni 18 kila mwezi shuleni. Mwaka 2022 ikafikia kidato cha sita. Ni hatua kubwa, nasema bila kinyongo. Lakini nisaidieni hesabu hii ndogo. MMEM ya mwaka 2002 ilipanga kila mtoto wa shule ya msingi apate ruzuku ya dola 10 kwa mwaka, yaani kama shilingi 10,000 za wakati ule. Mwaka 2016 kiwango kilikuwa bado shilingi 10,000. Kwa thamani ya siku hiyo haikufika hata dola 5. Tarakimu ilibaki ile ile, chaki na karatasi zikapanda. Mlango ulizidi kupanuliwa huku kilichowekwa mezani kwa kila mtoto kikizidi kusinyaa. Anayefidia pengo ni yule yule: mzazi mwenye nacho. Mwenye nacho Bukoba alimpeleka wake Kaizirege, shule ya binafsi iliyoongoza nchi nzima kwenye kidato cha nne mwaka 2014. Mkoa mmoja, mwaka mmoja, shule ya kwanza kitaifa, na kata zisizo na mwalimu wa fizikia.

Tarehe 10 Septemba mwaka huo huo wa 2016 tetemeko la ardhi liliipiga Bukoba. Watu walikufa, na majengo ya Ihungo na Nyakato yakaharibika vibaya hadi wanafunzi wakaondolewa. Ihungo ilijengwa upya, fedha za Uingereza zikiwemo. Wazee waliosoma pale walilia kama wamefiwa. Nami niliguswa, lakini nilijiuliza mbona hatujawahi kulia hivyo kwa ajili ya shule za kata, ambazo zilipungukiwa tangu siku ya kwanza bila tetemeko lolote.

Basi nimjibu mwenzangu wa chumba cha habari. Utafiti ule ule wa Kagera ulikuta kwamba hadi mwaka 2004, waliohama walikuwa wameongeza matumizi yao kwa pointi 36 za asilimia zaidi ya waliobaki. Ndugu yangu, kwetu ni maskini kwa sababu tulichokiuza si kahawa tu. Tulisomesha watu, wakaondoka. Mimi mwenyewe naandika haya nikiwa Dar. Kila nshomile unayemwona mjini ana mtu kijijini aliyebaki ili yeye aende, na mara nyingi mtu huyo hana cheti.

Siku ya kuondoka dada alinisindikiza hadi stendi. Binti yake yuko darasa la tano na halipi ada, ila kuna mchango wa uji, na hesabu anafundishwa jioni kwa kulipia. Nilimwambia mwaka ujao nitalipa mimi. Akacheka: "Lipa, lakini usimwambie. Asije akasoma kwa woga."

Nimeanza kutunza risiti zangu. Na wewe mdau unayesoma hapa, uliyepita UPE, MMEM, kata au seminari: ada yako alilipa nani? Nasubiri majibu yenu.